Maili Themanini za Babu Waqo

Chechelesi, Isiolo
29 Septemba 2024

Kwa Abuya Umuro,

Salaam aleikum. Ni mimi Qabale, mtoto wa dada yako Sabdio. Mwalimu wetu wa Kiswahili angependa niandike "Mpendwa Mjomba", lakini sijawahi kukuita hivyo na ukisoma utadhani barua imepotea njia.

Sisi hapa tuko salama. Mifereji hutoa maji inapotaka. Mama bado anaendesha lori la maji, na mtaa wetu huuweka mwisho wa mzunguko ili majirani wasiseme anajipendelea, kwa hiyo binti wa dereva wa maji ndiye anayekwenda shule bila kuoga. Niko kidato cha pili na tunakaribia kufunga muhula. Mbuzi wetu amezaa pacha na mmoja ana doa jeupe jichoni. Natumaini nyumba yako yote ni wazima, na ngamia pia.

Mama hajanituma salamu, kwa hiyo siwezi kuziandika. Anajua ninaandika. Aliniona nikitafuta bahasha.

Sasa jambo lenyewe. Gari la Babu linawaka.

Najua hujaliona tangu lilipoondoka Biliqo miaka minne iliyopita, na najua liliondoka vipi. Sitaandika juu ya hilo. Naandika tu kwamba injini ya ile Morris ilikuwa imekwama kwa kutu, na Mama aliilainisha kwa mafuta wiki nzima hadi ikazunguka. Mimi nimesafisha kabureta kwa mswaki. Mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Kirigia, ni mwanachama wa chama cha watu wanaopenda magari ya zamani. Kila mwaka hutafuta mahali tambarare, kila gari linakimbia peke yake kwenye mstari ulionyooka, na saa inapima mwendo wake. Hakuna kushindana bega kwa bega. Gari linashindana na mwendo tu. Liko kundi la magari madogo, ya injini ndogo kama ya Babu.

Mwaka huu chama hakina uwanja. Nilinyoosha mkono darasani nikasema kwamba nyuma ya Biliqo kuna uwanda mgumu, mweupe, usio na hata kichaka, ambao Babu Waqo aliupita kwa maili themanini kwa saa. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema: "Kama wazee wa huko watakubali, sisi tutakuja Februari, kabla ya Ramadhani."

Abuya, ni wewe tu unayeweza kuwauliza wazee. Mama ndiye atakayeendesha. Nataka ile themanini ipimwe na saa, ili watu waache kucheka.

Naomba pia uniambie mambo mawili. Ni kweli Babu alifika themanini? Na ufunguo wa gari, uko kwako? Sisi tunawasha kwa kugusanisha nyaya, na askari wa mtaa ameshatuita wezi.

Simu hapa nyumbani ni moja, ya Mama, na namba yako haimo tena. Ndiyo maana nimempa barua hii Ekaale, yule dereva wa lori la mbuzi. Anasema ataifikisha isipoliwa na mzigo.

Mtoto wa dada yako,
Qabale


Biliqo
20 Oktoba 2024

Qabale,

Aleikum salaam. Barua ilifika na kona moja imetafunwa. Ekaale anaapa si yeye.

Sisi tu wazima. Mtoto wangu mdogo aliumwa tumbo, sasa anakula. Ngamia wako upande wa mto, malisho ni haba, tunasubiri hagaya, mvua ya vuli. Mbuzi mwenye doa jichoni ni bahati, usimuuze.

Umeandika vizuri. Mwandiko wako ni wa mtu aliyefundishwa. Hata hivyo wewe ni mtoto wa lami. Unasema "uwanda usio na hata kichaka" kama mtu anayeongea juu ya meza. Ule uwanda ni njia. Kila boma hupitisha mifugo pale kwenda visimani, kwa zamu iliyopangwa, na zamu hiyo ni ya zamani kuliko gari lenu na mimi. Siwezi kwenda kwa wazee na kusema, "Sogezeni mbuzi, mpwa wangu anataka kukimbia."

Mvua ikinyesha uwanda utakuwa matope hadi mwaka mpya. Hakuna haraka.

Wanaocheka waache wacheke. Babu yako hakuwa mtu wa kusumbuliwa na kicheko.

Soma.

Umuro Waqo


Chechelesi, Isiolo
10 Novemba 2024

Kwa Abuya,

Salaam aleikum. Nimefurahi kwamba mtoto anakula. Sisi tumefunga shule. Nilikuwa wa nne, na fizikia wa kwanza, na ninakuambia hili bila majivuno kwa sababu lilimfanya Mama anunue nyama.

Mvua imeanza hapa. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Huko nako imenyesha?" Nilimwambia sijui, Abuya hajaandika tangu mwezi uliopita. Hakusema "huko" ni wapi. Sijui kama swali linahesabika kuwa salamu. Naliandika kama lilivyo.

Kazi ya gari inaendelea. Tumetoa kiti cha nyuma, bampa zote mbili na mazulia, kwa sababu uzito ni adui. Tanki la mafuta lilikuwa na kutu ndani, tukatia mawe madogo na kulitikisa mimi na Mama, kila mmoja upande wake, kama watu wanaopepeta mahindi. Breki zote nne zimefunguliwa. Mama alisema gari linaloenda mbio bila breki ni jeneza lenye taa. Bwana Kirigia ameleta mkanda wa usalama wa kweli, na chuma kilichopindwa ambacho kimefungwa juu ya kiti ili gari likipinduka paa lisimlalie dereva. Kwa kuwa hatuna ufunguo, amefunga swichi ya taa ya nyumbani kwenye dashibodi. Ukibonyeza juu, injini inazimika. Mama anasema sasa ni gari la kwanza Isiolo linalohitaji fundi wa umeme wa nyumba.

Nimeelewa ulichosema juu ya zamu za visima. Nimemweleza Mwalimu, naye anasema chama kinahitaji nusu siku tu, na kinaweza kungoja mpaka mifugo ipite. Naomba uwaambie wazee hivyo.

Hukujibu kuhusu themanini. Wala ufunguo.

Qabale


Chechelesi, Isiolo
5 Januari 2025

Kwa Abuya,

Salaam aleikum na heri ya mwaka mpya, ingawa najua huko mwaka haubadiliki kwa sababu ya kalenda ya ukutani. Tu wazima. Kesho tunafungua, nami nitakuwa kidato cha tatu. Yule mwanambuzi mwenye doa amejifunza kufungua mlango wa jikoni.

Nimengoja barua yako tangu Novemba. Nimemuuliza Ekaale kila anapopita. Jana alinitania mbele ya wapakiaji wake: "Binti, mjomba wako ameishiwa na wino au maneno?" Nilimjibu kwamba mjomba wangu ana ngamia, na mwenye ngamia ana shughuli. Lakini Abuya, Februari haingoji. Nimechukua kimya chako kuwa ndiyo. Kama nimekosea, sema.

Mwalimu anasema mstari uwekwe alama nyeupe pande zote mbili ili dereva auone kutoka mbali. Yeye alitaka chokaa. Nilisoma kwamba chokaa huunguza ngozi, nikafikiria kwato za mifugo wanaopita kwenda visimani, nikaona haifai. Kwa hiyo nimenunua kitu cheupe ambacho hakiwezi kumdhuru mnyama yeyote. Ni magunia manne ya ile chumvi ya mifugo. Ekaale anayaleta pamoja na barua hii. Ndani ya bahasha kuna mchoro. Naomba vijana wa huko wamwage mistari miwili kama nilivyochora, kutoka ule mti uliovunjika hadi karibu na bonde.

Injini sasa inanguruma kwa sauti moja. Mama anaisikiliza akiwa amefumba macho.

Ufunguo?

Qabale


Biliqo
17 Januari 2025

Qabale, mtoto wa lami,

Aleikum salaam. Nyumbani ni wazima. Mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwenye malisho ya mbali kwa wiki tatu, na magunia yako yalifika nikiwa huko. Barua ilisomwa na kijana aliyeishia darasa la sita. Alielewa chumvi, alielewa mchoro, na hakuelewa vinahusiana vipi na gari.

Keti chini kabla ya kusoma zaidi.

Vijana walimwaga chumvi yako vizuri sana, mistari miwili iliyonyooka. Mzee Godana, ambaye ndiye anayepanga zamu za visima, alikuja, akatazama, akauliza ni nini. Wakamwambia ni watu wa magari wa Isiolo wameituma. Mzee akatazama mstari toka mwanzo hadi mwisho, akasema: "Hawa watu wana adabu. Hawajaomba kitu bado, wameshaleta chumvi. Na wameimwaga kwa urefu ili hata mnyama dhaifu asisukumwe."

Basi wakaita kila boma. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, punda, wote. Kuna ng'ombe waliotoka upande wa pili wa mto kwa kunusa tu. Niliporudi nilikuta vumbi limesimama angani. Wamelamba chumvi, kisha wakalamba udongo ulioguswa na chumvi, kisha wakachimba kwa kwato kutafuta iliyobaki. Uwanda wako mgumu, mweupe, sasa ni kama unga. Ukitembea unazama hadi kifundo cha mguu. Gari la babu yako lingekwama kabla ya kubadilisha gia.

Hilo ndilo baya. Jema ni kwamba wazee wamekubali. Sikuwauliza mimi. Uliwauliza wewe, kwa chumvi. Mzee Godana anataka kujua magari yanakuja lini.

Nimecheka, sitakuficha. Nimecheka peke yangu njiani na ngamia wakanitazama.

Lakini uwanda umekwisha. Mwambie mwalimu wako atafute kwingine.

Umuro


Chechelesi, Isiolo
22 Januari 2025

Kwa Abuya,

Salaam aleikum. Nimesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nilicheka, ya tatu nilichukua kalamu. Niwie radhi, na uniombee radhi kwa mwenye ng'ombe waliovuka mto. Nimekulia katika mji wa mnada wa mifugo na bado niliona chumvi kama rangi. Ukisema mimi ni mtoto wa lami, sitabisha tena.

Mama aliona uso wangu akaniuliza. Nikamsomea. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu la lori, na alipomaliza alisema, "Huyo Umuro, hata habari mbaya anaiandika kama hadithi." Ni mara ya kwanza kulisikia jina lako mdomoni mwake katika nyumba hii. Sijui kama ni salamu. Naliandika kama lilivyo.

Abuya, sitafuti uwanda kwingine. Wazee wamekubali, na ruhusa ya wazee ni kubwa kuliko udongo. Bwana Kirigia anasema udongo uliovurugwa hauwi mgumu tena mpaka ulowe, ushindiliwe, kisha ukauke. Hatuna mtambo wa kushindilia barabara. Lakini lazima iwepo njia. Siku ni Jumamosi tarehe ishirini na mbili Februari. Hatutaibadilisha.

Kuna jambo jingine. Hakuna aliyenituma kuliandika, nimelisikia tu. Siku moja baada ya kicheko kile Mama alikuwa chini ya gari akikaza nati, miguu peke yake ndiyo ilionekana. Nilimuuliza kwa nini alilichukua bila kukuambia. Alimaliza kukaza ile nati. Kisha akasema: "Ngamia walikwenda kwa Umuro. Ng'ombe walikwenda kwa Umuro. Hata fimbo. Mimi nilikuwa binti, nikapewa pole. Kuku walikuwa wanataga ndani ya gari la baba yangu. Ningengoja nani anipe?" Kisha akaomba spana ya kumi na tatu.

Najua wewe ulirudi kutoka malishoni ukakuta mawe manne tu, mahali gari liliposimama. Alinieleza Ekaale, aliyelibeba. Anasema angejua, angekungoja.

Mimi siko upande wa mtu. Niko upande wa gari.

Qabale


Biliqo
12 Februari 2025

Qabale,

Aleikum salaam. Sisi salama. Kumi na mbili kati ya mbuzi wangu wamezaa, na mtoto wangu mdogo anawaita wote kwa jina moja.

Barua yako niliiweka mfukoni muda mrefu. Sina la kuandika juu ya ukurasa wake wa pili. Nitakuambia nilichofanya.

Wiki iliyopita ilinyesha. Haikuwa msimu wake, alasiri moja tu, wingu moja kama lililopotea. Lililowesha uwanda likaondoka. Nilisimama pale nikaona nyayo za mbuzi mmoja aliyepita baada ya mvua. Mahali alipokanyaga, udongo ulikuwa umebanana kama tofali. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Godana. Nilimwambia: kesho na keshokutwa, kila boma likienda kisimani kwa zamu yake, mbuzi na kondoo wasikate uwanda. Wapite kwa urefu, kwenye mstari, kwenda na kurudi, ndipo wanywe.

Mzee mmoja, Ado, akauliza mbuzi wake watalipwa nini kwa kazi hiyo. Nikamwambia walishakula mshahara.

Ng'ombe nimewakataza kabisa, wanachimba. Kwa siku mbili mbuzi na kondoo wa Biliqo nzima wamepita pale wakishindilia kwa vijiguu vyao. Uligeuka mgumu lakini wenye vidoti vidoti, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hapo nikawaleta ngamia. Ngamia hana kwato za kukata, nyayo zake ni pana na laini. Niliwapitisha mmoja nyuma ya mwingine, taratibu, wote. Wale wale walionijia mimi kutoka kwa baba yangu. Wamelainisha uwanda wenu tangu mti uliovunjika hadi karibu na bonde. Kisha jua likafanya kazi yake. Leo nimedondosha jiwe, likaruka.

Nimepanga mawe pembeni na kuyapaka majivu yaliyochanganywa na maji. Meupe. Hayalambiki.

Waambie wapulize tairi ziwe ngumu, udongo ni mkavu. Na upepo huanza saa nne asubuhi, kutoka mashariki. Gari likimbie mapema.

Mimi siku hiyo nitakuwa malishoni na ngamia. Mtapokelewa na Mzee Godana.

Umuro


Chechelesi, Isiolo
27 Februari 2025

Kwa Abuya,

Salaam aleikum, na Ramadhani njema kabla haijaingia. Tumerudi salama. Mwanambuzi mwenye doa alikula soksi zangu za shule tulipokuwa safarini. Mama yuko mzima, mikono imepasuka kidogo kwa petroli.

Kwa kuwa ulikuwa malishoni, nitakueleza yote.

Gari lilifika Biliqo juu ya lori la Ekaale, kama lilivyoondoka. Mama hakukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma, ndani ya Morris, na kila lori liliporuka yeye alikanyaga breki ya gari ambalo haliendi. Chama kilikuja na magari saba. Mwenyekiti wao alitembea kwenye mstari wako, akapiga chini kwa kisigino, akauliza ni kampuni gani iliyoshindilia. Mzee Godana akamwonyesha mbuzi.

Mama alivaa kofia ngumu juu ya mtandio. Mara ya kwanza gari lilikwenda vizuri, kisha likaanza kukohoa katikati, na saa ikaonyesha maili sabini na mbili. Nilitoa plagi. Zilikuwa nyeupe kama mfupa, dalili ya injini inayokosa petroli. Hapo nikaelewa. Biliqo iko chini kuliko Isiolo, hewa ya huko ni nzito, na petroli tuliyoipima nyumbani ilikuwa haitoshi hewa hiyo. Mwalimu alikuwa upande mwingine kwenye saa, kwa hiyo sikumngoja. Nililala chini, nikazungusha nati ya chini ya kabureta, inayoongeza petroli, kidogo tu. Mama aliniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia ndiyo.

Abuya, sijui kama umewahi kuona gari dogo likiwa na nia. Lilitoka kwenye mti uliovunjika likiwa kama mbawakawa, nukta nyeusi na vumbi nyuma yake. Hatukusikia kitu. Kisha sauti ikafika, moja, ndefu, bila kukatika. Lilipita mbele yetu na Mama alikuwa amekaa wima kama anaendesha lori la maji. Kwenda, sabini na nane. Sheria ni lazima ligeuke na kurudi, wapate wastani. Kurudi, upepo ulikuwa umeanza kama ulivyosema. Sabini na sita. Wastani wake ni sabini na saba. Katika kundi la injini ndogo hakuna aliyefika hapo.

Watu walikimbia kumlaki. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alibonyeza swichi ya taa, injini ikazimika, akabaki amekaa ndani, ameshika usukani. Nilipofika mlangoni alisema, "Mshale wa mwendo ulionyesha themanini na mbili." Saa haikukubali. Mwalimu anasema mshale wa gari la zamani huwa unajisifu.

Nimefurahi, na bado sijafurahi kabisa. Nilitaka themanini ya saa. Na kama mshale unajisifu leo, je, siku ya Babu? Sasa hata mimi sina hakika ya alichosema, na naona haya kuwa na shaka naye. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, sitakusumbua tena.

Jambo moja zaidi. Watu wote walipokimbilia gari, mtu mmoja hakukimbia. Alikuwa mbali, upande wa bonde, na ngamia wamesimama nyuma yake. Alibaki pale hadi tulipolipandisha gari kwenye lori. Nilimwonyesha Mama. Alikinga jua kwa mkono, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Bado anasimama kwa mguu mmoja."

Hizo si salamu, najua. Naziandika kama zilivyo.

Qabale


Biliqo
16 Machi 2025

Qabale,

Aleikum salaam. Tunafunga vizuri, jua ni kali lakini jioni tuna maziwa. Watoto wazima. Ngamia wazima, na tangu siku ile Mzee Ado huwaita wahandisi.

Mtu wa kwenye bonde nilikuwa mimi. Malisho yalikuwa hapo hapo, sikudanganya. Niliona yote, kwenda na kurudi. Ile ya kwanza niliposikia injini inakohoa nilikuwa nimeshaanza kutembea kuja kwenu. Kisha nikaona mtu mdogo aliyevaa sare ya shule amelala chini ya gari, nikasimama.

Sasa themanini. Nimelibeba hili peke yangu tangu nikiwa na miaka kumi, na umeuliza kwa adabu kila mara.

Nilikuwa ndani ya gari siku hiyo. Nilikaa upande wa pili, nikitazama mshale, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuusoma kwa sauti. Babu yako alikanyaga mpaka mguu ukafika chini. Nikasoma hamsini, nikasoma sitini, nikasoma sitini na tano. Hapo mshale ukasimama, na mlango wangu ukaanza kutetemeka, na yeye akaachia. Kisha akaniambia, "Umuro, tukifika nyumbani tutasema themanini." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu hili gari linaweza. Ni mimi ndiye niliyeogopa."

Nilisema themanini, na nimeisema miaka yote. Nilipokuwa nikiona lile gari juu ya mawe, nilikuwa nalitazama kama kitu ambacho mimi na yeye tu tulikijua. Ndiyo maana mawe manne yalinikaa moyoni. Sikufikiri kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kulijua.

Kwa hiyo usione haya. Hakukosea juu ya gari. Limeenda na binti yake kasi ambayo halikuwahi kwenda na yeye, na binti hakuogopa. Mwambie hivyo. Mwambie ni mimi nimesema.

Ufunguo ninao. Nilikuwa nao tangu gari likiwa juu ya mawe, unaning'inia kwenye nguzo ya nyumba, na mke wangu ameuliza mara nyingi unafungua nini. Ekaale ameniomba nimpe awaletee. Nimekataa. Mtu anayeruhusu barua itafunwe siwezi kumpa ufunguo wa baba yangu.

Nitauleta mwenyewe siku ya Idd. Nitashuka stendi nitembee hadi Chechelesi, msije kunipokea. Msichinje yule mbuzi mwenye doa.

Msalimie mama yako. Hiyo ni salamu, Qabale. Iandike, au msomee, lakini mfikishie kama ilivyo.

Abuya wako,
Umuro